Siku tano Tzoumerka: vijiji viwili, korongo moja na koo zake

Siku ya kwanza, Athens mpaka Ioannina

Nimetoka Athens na basi la saa moja asubuhi, stendi ya Kifissos, mwezi wa sita huu na joto limeshaanza kuchoma. Safari ni kama masaa sita hivi, mnavuka lile daraja refu la Rio lililofunguliwa 2004, halafu barabara mpya inapanda kaskazini, milima inaanza kusogea karibu kidogo kidogo.

Niseme kwanza kwa nini nimekuja huku Tzoumerka, milimani kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Kazini Piraeus, tunakokarabati meli, kuna mzee mmoja fundi bomba, tumekula naye chakula cha mchana miaka minne sasa, na mtu akimuuliza kwao hasemi Preveza alikozaliwa, anasema Syrrako, kijiji cha huku milimani. Kumbe Syrrako kwenyewe hajawahi kuishi hata mwaka mmoja mzima, walioishi ni babu zake, yeye anapanda kila kiangazi tu, lakini kwao ni huko. Mi nikamuelewa palepale. Nimezaliwa Tanga mjini, nimesoma Tanga mjini, lakini mtu akiniuliza kwetu namwambia Magoroto, milimani Muheza, na nyumba ya huko sasa hivi imebaki kuta. Na tena nyumbani nimekua nikisikia habari za Wagiriki wa mkonge, babu alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki enzi za mkoloni, ila hakuna aliyewahi kutueleza Wagiriki wenyewe kwao wanaishije. Sasa mzee aliponiambia mwaka huu twende wote nikaomba likizo siku hiyohiyo.

Yeye katangulia wiki iliyopita, tutakutana juu. Leo nalala Ioannina. Mji uko kando ya ziwa, na katikati ya ziwa kuna kisiwa ambako Ali Pasha, aliyetawala sehemu hizi kwa mkono wa chuma, aliuawa mwanzoni mwa 1822. Sikwenda kisiwani, niliingia makumbusho ya ufundi wa fedha ndani ya ngome, kwa sababu mzee alinisisitiza: usipande Kalarites, kijiji jirani na Syrrako, kabla hujaona kazi za mikono yao. Nimeona mikanda ya maharusi, vifungo, majalada ya Injili, na ile kazi ya savati, yaani fundi anachora kwenye fedha halafu anajaza dawa nyeusi kwenye michoro na kuichoma mpaka nyeusi na nyeupe zinakaa pamoja kama wino kwenye karatasi. Nilikaa mbele ya mkanda mmoja muda mrefu sana. Mimi ni mchomeleaji, najua moto unavyoweza kukuharibia kitu sekunde moja, na hawa walikuwa wanatumia mkaa na mvukuto.

Siku ya pili, Plaka na Kipina

Kijana wa ukoo wa mzee amenipitia na pikapu, nyuma kuna magunia ya unga, mitungi ya gesi na godoro moja. Tukashuka kuelekea mto Arachthos mpaka daraja la Plaka.

Hili daraja lisikupite. Ni la mawe, tao moja tu kubwa, upana wake kama mita 40 kutoka ukingo hadi ukingo, lilijengwa 1866. Tarehe 1 Februari 2015 mto ulifurika likaanguka, lililosimama sasa limejengwa upya kwa mawe, kazi ikaisha 2020. Kijana anasema siku lilipoanguka bibi yake alilia kama kafiwa. Na si ajabu, maana kuanzia 1881 mpaka 1912 hapa ndipo palikuwa mpaka wa nchi mbili, upande huu Ugiriki, upande ule Waturuki wa Osmani. Na Februari 1944, vikundi vya wapiganaji wa Kigiriki waliokuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe huku Mjerumani yuko nchini walikutana hapahapa Plaka wakasaini kusitisha vita. Nimevuka kwa mguu nikarudi. Ukifika katikati, kwenye kilele cha tao, upepo unakupiga kifuani unaona maji chini ya miguu yako, unajiuliza fundi wa kwanza aliyepanga jiwe la mwisho pale juu alikuwa anawaza nini.

Mbele tukapita monasteri ya Kipina. Wenyeji wanasema ilianza 1212. Imebandikwa kwenye uso wa jabali, ukiwa barabarani unaona ukuta mweupe umetoka kwenye mwamba tu, na kuna kidaraja cha mbao cha kunyanyua ambacho watawa walikivuta usiku ili mtu asiingie, na nyuma ya kanisa kuna pango. Hapa hatukukaa, mvua ilikuwa inakuja.

Tumefika Kalarites jioni. Gari linaachwa nje ya kijiji, ndani ni ngazi za mawe na vichochoro. Nimefikia nyumba ya dada yake mzee aliyeolewa huku, mama mtu mzima wa miaka themanini na kitu. Nikamsalimia kwa Kigiriki, yiayia, yaani bibi, akanishika mashavu yote mawili akaniambia paidi mou, mwanangu, kaa, umekonda. Akaleta supu ya trahana (unga wa ngano uliochachushwa na maziwa ukakaushwa) na chai ya mlimani. Kwa Kigiriki chai ni tsai, sikuhitaji kutafsiriwa.

Siku ya tatu, Kalarites

Leo sikwenda popote nje ya kijiji na bado siku haikutosha.

Bibi anaongea lugha mbili. Na mimi na wajukuu anaongea Kigiriki, lakini akigombana na paka wake au akihesabu mishono anaongea Kivlachi. Hawa watu ni Wavlachi, lugha yao ni mtoto wa Kilatini, haina undugu wa karibu na Kigiriki. Maji ni apa, nyumba ni casa, maziwa ni lapte. Nilimuuliza wajukuu wanaijua? Akasema wanaelewa ukiwaita kula. Watoto wake mwenyewe walifika shule wakafundishwa Kigiriki tu, na kila kizazi kikashusha kidogo. Nilikaa kimya maana bibi yangu aliongea Kibondei kutwa nzima na mimi nimebaki na salamu tu.

Sasa habari yenyewe ya kijiji. Kijiji kiko juu kama mita 1,200, huku mahindi ni ya shida, ngano ni ya shida, kitu kinachokubali ni kondoo na mbuzi. Kwa hiyo watu walianza na sufu. Wanawake wanasokota na kusuka, wanaume wanapakia nyumbu wanashuka pwani kuuza. Bidhaa iliyowatoa ni kapa, koti zito lenye kofia lisilopitisha maji, na unajua wateja wao wakubwa walikuwa nani? Mabaharia! Bandari za Italia kama Livorno, Napoli, Venezia na Trieste, watu wa Kalarites na Syrrako walikuwa na maduka yao huko, kaka mmoja yuko Livorno, mwingine yuko kijijini anasimamia kazi, mtoto wa dada yuko njiani na mzigo. Ukoo ndio ulikuwa kampuni. Msafiri Mwingereza William Martin Leake alipita sehemu hizi mwanzoni mwa karne ya 19 akawakuta watu hawa wa milimani wana biashara na Italia. Kanisa kuu hapa ni la Mtakatifu Nikola, ambaye ndiye mlinzi wa mabaharia, na Syrrako nako kanisa kuu ni lake huyohuyo. Sisi watu wa pwani tumezoea kuona bahari inapeleka vitu bara, hapa nimeona mlima ndio ulioivika bahari nguo.

Bibi anayo kapa ya babu wa mume wake kwenye sanduku. Akaitoa. Ni nyeusi iliyofifia kuwa kahawia, ngumu kiasi kwamba ukiisimamisha sakafuni inasimama yenyewe sekunde mbili tatu kabla haijakunja, na baada ya miaka yote hiyo ukiinusa bado kuna kondoo ndani yake. Niliivaa. Mabega yalishuka. Bibi akamwaga kikombe cha maji begani kwangu makusudi, nikaona matone yanaserereka mpaka chini, ndani sikusikia unyevu. Siri yake ni ile kazi ya maji, kitambaa kikishasukwa kinapelekwa mtoni kinatwangwa kwa nyundo za mbao zinazoendeshwa na maji mpaka nyuzi zinashikana, huwezi tena kuona uzi na uzi. Na mablanketi na mazulia yanatiwa kwenye pipa kubwa la mbao lililochimbiwa chini, jembamba kwa chini, maji yanaporomokea ndani kwa nguvu yanazungusha kitambaa masaa na masaa. Hakuna sabuni, ni maji tu. Mpaka leo zipo sehemu Ugiriki watu wanafulia mazulia hivyo.

Ndio fedha ikafuata. Mtu mwenye hela anataka kumpamba mkewe na kanisa lake, na mafundi wa Kalarites wakawa na jina Epirus nzima, yaani eneo lote hili la kaskazini-magharibi. Athanasios Tsimouris alimfanyia kazi Ali Pasha mwenyewe. Vijiji hivi viwili vilikuwa na bahati nyingine pia, vilihesabiwa chini ya Valide Sultan, yaani mama yake Sultani, kwa hiyo vilipata nafuu ambazo majirani hawakuzipata.

Halafu ikaja 1821. Wagiriki wanaasi kusini, na mwezi wa saba Kalarites na Syrrako wakapandisha bendera na wao. Hawakudumu hata mwezi, jeshi la Waturuki lilipanda likachoma vijiji vyote viwili. Watu walikimbia usiku kupitia milimani, wakatawanyika mpaka visiwa vya Ionia, Corfu, Zakynthos. Bibi alivyosimulia ungesema alikuwepo, akanionyesha kwa kidole njia waliyopita, pale kwenye mwanya wa jabali, anasema kina mama waliwaziba watoto midomo. Ameipata kwa bibi yake ambaye naye aliipata kwa bibi yake. Mikono minne tu imefika 1821.

Na wale waliokimbia walibeba ufundi. Mmoja wa mafundi wa Kalarites, Georgios Diamantis Bafas, ndiye aliyetengeneza sanduku la fedha la mwili wa Mtakatifu Dionisio kule Zakynthos, 1829. Ukoo mwingine uliotoka hapa wakati mgumu ni wa Voulgaris, wakaangukia Paramythia, huko akazaliwa Sotirios 1857, akajifunza kufua fedha kwa baba yake, akapita Corfu, akapita Napoli, akafika Roma 1881 na 1884 akafungua duka. Leo mnalijua jina hilo kwenye vioo vya maduka ya vito, Bulgari. Mimi nililiona mara ya kwanza uwanja wa ndege Doha nikadhani Waitaliano.

Baadhi walirudi wakajenga upya. Lakini bibi anasema kijiji hakikurudi ukubwa wake tena, na wakati wa baridi siku hizi wanabaki watu wa kuhesabu kwa vidole. Jioni nikapita kwenye mnara wa waliokufa vitani, jina la ukoo mmoja limejirudia, chini yake tena, na la kwanza la babu na la mjukuu ni lilelile. Ndivyo wanavyofanya, mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba. Nikamwambia bibi kwetu pia mtoto anapewa jina la babu yake, na sisi wengine tunamuita mtoto babu kabisa. Alifurahi mpaka akaita jirani aje asikie.

Siku ya nne, kushuka korongo na kupanda Syrrako

Hivi vijiji viwili vinatazamana. Ukikaa uwanja wa Kalarites unaona mapaa ya Syrrako ng'ambo, ukiangalia vizuri unaona nguo zimeanikwa. Lakini katikati kuna korongo la mto Chrousias, hakuna daraja la juu, unashuka mpaka chini kabisa unavuka unapanda tena, kama saa moja na nusu ukiwa mzima wa miguu. Nimetumia mbili na nusu maana njia ilikuwa na utelezi wa mvua ya juzi na nilisimama kila kona. Njia yenyewe imechongwa kwenye jabali, ngazi za mawe zimelainika katikati kwa kwato za nyumbu.

Mzee alinifuata mpaka mtoni. Nimemkuta kakaa kwenye jiwe karibu na kinu cha zamani, fimbo mkononi, yule fundi bomba wa Piraeus ninayemjua na ovaroli la mafuta sikumuona, nimeona mtu mwingine kabisa. Akaniambia hapo uliposimama ni Ugiriki, vuka jiwe hili, haya, sasa uko kwa Sultani.

Ndivyo ilivyokuwa. 1881 mataifa makubwa yalipokaa na kuchora mpaka mpya, Kalarites wakapewa Ugiriki, Syrrako wakabaki Uturuki, na mstari ukapita chini huku mtoni. Miaka 31. Watu wa lugha moja, waliooana vizazi na vizazi, dada yuko nchi ile kaka yuko nchi hii na wanaonana kwa macho kila asubuhi. Mzee anasema babu yake alimueleza kuwa ukiwa na harusi ng'ambo unapita kwa askari wa huku na askari wa kule, na msiba ukitokea usiku walikuwa wanapiga kengele ya kanisa kwa namna ambayo upande wa pili wanajua ni ukoo upi umepata msiba, kwa hiyo wanaanza kulia kabla hawajapata ruhusa ya kuvuka. Nilipomsikia nikawakumbuka Wadigo, Lungalunga na Horohoro, shangazi Kenya mpwa Tanzania.

Na mpaka uliwaumiza zaidi wafugaji. Hapa Syrrako koo nyingi ziliishi kwa kondoo, na kondoo hawezi kukaa juu huku wakati wa theluji. Familia kadhaa zinaunganisha makundi chini ya mkuu mmoja, wanamuita tselingas, yeye ndiye anatafuta malisho, anauza jibini, anagawa mapato. Mtakatifu Georgios, Aprili 23, wanapanda milimani, Mtakatifu Dimitrios, Oktoba 26, wanashuka tambarare za Preveza na Arta, watoto wachanga juu ya nyumbu, kuku kwenye vikapu. Sasa weka mpaka wa nchi katikati ya maisha ya namna hiyo. Ndiyo maana Preveza imejaa watu wa asili ya Syrrako, akiwemo huyu mzee wangu, walishuka msimu mmoja hawakupanda tena wote.

Syrrako ni pazuri mno, nasema bila kuongeza chumvi. Nyumba za mawe ya kijivu mpaka paa, zimeshika mteremko, kila kona bomba la maji ya chemchemi linamwaga mchana na usiku. Gari haliingii, mizigo inapanda na nyumbu mpaka leo, nimeona friji limepanda hivyo. Kijiji kidogo hivi kimetoa Ioannis Kolettis, aliyesomea udaktari Italia, akamtibu mtoto wa Ali Pasha, akaja kuwa waziri mkuu wa Ugiriki mara mbili na kufariki madarakani 1847. Kimetoa pia mshairi Kostas Krystallis aliyezaliwa 1868, na huyu ndiye mzee anayempenda, sio yule mwanasiasa. Krystallis alizaliwa kwenye ukoo wa wafanyabiashara, akaandika mashairi ya kizalendo akiwa kijana mdogo, Waturuki wakamtafuta, akakimbilia Ugiriki huru, Athens akafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, huko kifua kikuu kikamshika. Aliandika juu ya wachungaji na milima yake akiwa kwenye vumbi la madini ya risasi ya herufi za kuchapia. Alifariki Arta 1894, miaka 26 tu, na kijiji chake kilikuja kuwa Ugiriki 1912. Nyumba yao sasa ni makumbusho, kuna kitanda cha chini, mafiga, mablanketi. Mzee aligusa kizingiti cha mlango alipokuwa anaingia, na alipotoka akagusa tena.

Siku ya tano

Asubuhi mapema mzee kanipeleka kwenye nyumba yao. Paa limeshuka upande mmoja, mti wa mtini umeota jikoni. Lakini kila kiangazi anakuja na saruji na chokaa kidogo, mwaka huu anaziba ukuta wa kaskazini, wanawe wawili wanamsaidia, na mjukuu wake wa miaka saba anapitisha mawe madogo kwenye ndoo. Huyo mjukuu ana jina la mzee, na mzee ana jina la babu yake aliyewasha moto wa mwisho kwenye jiko lile. Nilivua shati nikashika sururu, tumefanya kazi mpaka saa sita mchana, tukala jibini, nyanya na mkate juu ya ukuta.

Wakati tunakula mzee akaniuliza, wewe babu zako unawajua mpaka wa ngapi? Nikahesabu, nikakwama kwa babu mzaa baba na baba yake. Yeye anafika wa saba, na anakuambia kila mmoja alikuwa na kondoo wangapi. Akaniambia Magoroto hakuna mzee wa kumuuliza? Nikasema yupo shangazi Muheza, ana miaka tisini kasoro. Akasema sasa unangoja nini, si una simu.

Mtandao kule ni wa kusuasua, ukipanda karibu na kanisa unashika. Nikapanda nikamtumia shangazi ujumbe wa sauti, shikamoo shangazi, naomba unitajie babu zetu kuanzia babu kurudi nyuma, na walikuwa wanafanya nini. Jibu limenikuta niko kwenye pikapu tunashuka Ioannina, sauti ya dakika sita, nyuma jogoo anawika na mtu anatwanga. Anaanza kwa Kiswahili, marahaba baba, halafu kadiri anavyorudi nyuma anahamia Kibondei bila kujijua, na majina ninayasikia lakini maneno ya katikati yananipita. Nimeirudia mara nne. Nimenunua daftari stendi ya Ioannina, nimeandika majina matano, na nimeshamtumia tena: shangazi, niambie na kile ulichosema baada ya jina la tatu.